Siku Tulipowafuata Pimbi na Fisi Maji: Safari ya Kisiwa cha Saanane

Mama msomaji, je, mtoto wako anawajua wanyama wa porini kwa njia gani? Swali hili tuliulizana katika kikundi chetu cha akina mama hapa Masumbwe, wilaya ya Mbogwe, mkoani Geita, na majibu yetu yalifanana sana. Watoto wetu wanayajua malori yanayopita usiku na mchana kwenda Rwanda na Burundi. Wanazijua kelele za karasha linalosaga mawe ya dhahabu, na wanajua kwamba haifai kuchezea karibu na duara. Lakini mnyama wa porini kwao ni kitoweo, au ni adui. Nyoka hupigwa, kenge hurushiwa mawe, na fisi husimuliwa usiku kwa sauti ya chini. Wazee wetu waliokuwa wakienda kurina asali katika pori la Kigosi wana habari nyingi za wanyama, lakini watoto wa siku hizi hawakai nao tena kusikiliza.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto anayelelewa kumwogopa kila kiumbe asichokijua hujifunza pia kumchukia, na chuki ya namna hiyo haiishii kwa wanyama. Jambo hili tutalirudia hapo mbele.

Basi tukakubaliana kuweka akiba kidogo kidogo kila wiki, ili wakati wa likizo tuwapeleke watoto Mwanza, katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Haikuwa rahisi. Baba mmoja alimwuliza mkewe, “Fedha ya mahindi mwende kuangalia nyani?” Naye akamjibu kwa upole, “Baba watoto, mahindi tutanunua na mwakani. Umri wa hawa hatutaununua tena.” Mzee akanyamaza, na asubuhi yake akaongeza nauli ya mtoto mmoja. Mwishowe tulikuwa akina mama sita na watoto kumi na mmoja, pamoja na bibi mmoja mjane, jirani yetu, aliyemlea mjukuu wake tangu akiwa mchanga.

Kisiwa cha Mzee Saanane

Kutoka Masumbwe unaweza kufika Mwanza kwa kupitia Kahama na Shinyanga, na ndivyo tulivyofanya. Wale wanaotokea upande wa Geita na Sengerema siku hizi hawangoji tena kivuko cha Busisi. Tangu mwaka 2025 wanavuka kwa daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, linalounganisha Kigongo na Busisi. Tuliingia Mwanza jioni, tukalala katika hosteli ya kanisa, na asubuhi mapema tukaenda Capri Point zilipo ofisi za hifadhi. Hapo kila mmoja alivishwa jaketi la kuokolea maisha, na kwa dakika chache tu mashua ikatuvusha. Wengi wa watoto wetu hawakuwa wamewahi kuliona ziwa. Walishikana mikono mpaka ng’ambo.

Kisiwa hiki kilipewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 Serikali ilikifanya kuwa bustani ya wanyama, na ndiyo bustani ya kwanza ya aina hiyo katika nchi yetu. Nia ilikuwa kuwawezesha wananchi wa kawaida kuwaona wanyama na kujifunza habari zao bila kusafiri hadi Serengeti. Pia kilikuwa kituo cha wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo, kisiwa kikubwa zaidi ambacho leo kimo katika mkoa wetu wa Geita. Mwaka 2013 Saanane kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni ndogo kabisa, kilometa za mraba 2.18 tu pamoja na maji yanayokizunguka, na imo ndani ya jiji. Ukisimama juu ya mwamba wake unasikia muadhini wa mjini, honi za daladala, na ndege wa ziwani, vyote kwa pamoja.

Udogo huo ndio faida yake kwa mama mwenye watoto. Hapa hukai ndani ya gari na kuambiwa kwamba yule mbali kabisa ni twiga. Unatembea kwa miguu ukiongozwa na mhifadhi, na wanyama wako hatua chache mbele yako. Wanyama wakali hawaachwi kuzurura. Tangu enzi za bustani waliwekwa vizimbani, na hadi miaka ya karibuni simba ameonekana hapa akiwa ndani ya uzio.

Mnyama mdogo anayetajwa katika Biblia

Wa kwanza kutupokea walikuwa pimbi. Walikuwa wamejianika juu ya mawe, wakubwa kwa wadogo, wakiota jua la asubuhi. Mhifadhi, kijana mpole aliyemwamkia bibi yetu “shikamoo” kabla ya kusema na mtu mwingine, alitueleza kwamba mwili wa pimbi hauwezi kutunza joto lake vizuri. Ndiyo maana kila asubuhi huanza siku yake kwa kuota jua.

Pimbi ni mnyama wa kilo chache tu, mwenye umbo la sungura asiye na masikio marefu wala mkia. Lakini wataalamu wanasema kwamba ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Watoto walicheka sana kusikia hivyo, mpaka mhifadhi alipowaonyesha picha ya meno mawili ya juu, yaliyochongoka na yasiyoacha kukua, kama zilivyo pembe za ndovu. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu kama mpira, na kwa hizo hupanda jabali lililosimama wima bila kuteleza. Yale michirizi meupe tuliyoiona juu ya mawe si chokaa. Ni alama za mkojo wao, kwa sababu ukoo mzima hutumia mahali pamoja pa kujisaidia, vizazi kwa vizazi. Mama mmoja akawageukia watoto wake akasema, “Mmesikia? Hata pimbi wana choo.”

Sisi tunaosoma Biblia tunamjua kwa jina la wibari. Katika Mithali sura ya 30 anahesabiwa kati ya viumbe wanne wadogo wenye akili nyingi, kwa kuwa hana nguvu lakini amechagua kujenga penye mwamba. Wengi wetu tulidhani ni mnyama wa nchi za mbali. Kumbe ni huyu huyu, anayeishi katika mawe ya Usukuma, na ambaye vijana wetu humwinda kwa manati!

Jambo lililotugusa zaidi ni malezi yao. Mama pimbi hubeba mimba kwa muda wa miezi saba hivi, muda mrefu mno kwa mnyama mdogo kama yeye. Lakini mtoto huzaliwa akiwa na manyoya na macho wazi, na haipiti siku nyingi anarukaruka mawe kwa mawe. Katika mawe ya Serengeti watafiti wameona pimbi wa aina mbili wakiishi katika mwamba mmoja, na watoto wao wakikaa pamoja kama wa nyumba moja. Wengine wakila, mmoja hukaa macho akiangalia juu. Tai akionekana, hupiga kelele, na wote huingia mapangoni kufumba na kufumbua.

Mama anayejua sauti ya mwanawe

Tumbili hatukuwatafuta, walitutafuta wenyewe. Tulikuwa tumeonywa kuficha chakula, na mama aliyeshika mfuko wa vitumbua mkononi aliupoteza kabla hajamaliza kusema “jamani.” Watoto walifurahi. Mhifadhi alitusihi tusiwape chakula hata kidogo, kwa sababu tumbili aliyezoea kulishwa huwa mnyang’anyi, na mnyang’anyi mwisho wake huuma watu.

Kuhusu tumbili kuna utafiti ambao kila mama angefurahi kuusikia. Huko Amboseli, nchini Kenya, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walionyesha kwamba tumbili wana milio mbalimbali ya hatari. Mlio wa chui huwafanya wakimbilie mitini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu na kujificha vichakani. Mlio wa nyoka huwafanya wasimame kwa miguu miwili na kuchungulia majanini. Kisha mwaka 1980 watafiti hao walieleza jaribio lingine. Walificha kipaza sauti na kupiga sauti ya mtoto tumbili anayelia. Mama yake aligeuka kutazama upande wa sauti. Majike wengine je? Hao walimtazama mama wa mtoto! Walijua kilio ni cha nani na nani anayepaswa kwenda.

Nasi tukatazamana tukacheka, kwa maana ndivyo ilivyo hata kanisani. Mtoto akilia nyuma, macho yote humwelekea mama yake.

Swala pala wa Saanane walikuwa wakila majani wakitutazama bila hofu kubwa. Dume ndiye mwenye pembe, na jike hana. Mama anapozaa, humficha mtoto katika majani marefu kwa siku za kwanza, akimrudia kumnyonyesha, kisha humleta kundini akachanganyike na watoto wenzake. Mnyama huyu anayeonekana mnyonge huweza kuruka juu kiasi cha meta 3 akishtuliwa.

Viumbe wa mawe na wa maji

Kama watoto wako wanarushia mijusi mawe, wapeleke Saanane. Juu ya mawe yenye jua kali utamwona mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu yanayokaribia waridi, na mwili wa buluu iliyoiva kama kitenge kipya. Jike lake ni la rangi ya udongo. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza yenyewe. Watoto walimkodolea macho kwa muda mrefu kuliko simba wa kwenye vitabu vyao. Mmoja akauliza, “Mama, huyu si ni yule wa ukutani kwetu?” Tukamjibu kwamba ni jamaa zake.

Katika kisiwa hiki wapo pia kobe, na miongoni mwao kobe bapa, ambaye gamba lake ni jembamba na laini kiasi cha kuweza kujibana katika ufa wa mwamba. Kobe wengine huingiza kichwa ndani na kungoja. Huyu hukimbia, tena kwa kasi ya kushangaza. Kwa kawaida hutaga yai moja moja tu, kwa hiyo wanaomkamata kwa ajili ya biashara humaliza ukoo wake upesi.

Mamba tulimwona kutoka mahali salama, kinywa wazi, kimya kama gogo. Hatukumsifu, maana kandokando ya Ziwa Viktoria wako akina mama waliopoteza watoto kwa mamba wakati wa kuteka maji. Lakini hata yeye ana habari yake. Jike hufukia mayai mchangani na kuyalinda karibu miezi mitatu. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai, huwafukua na kuwabeba kinywani, katikati ya yale meno, mpaka majini.

Swali la fisi maji

Mhifadhi alipotufikisha kwenye ukingo wa mawe, alituonyesha kinyesi kikavu chenye vipande vya magamba ya kaa. “Hapa alikula fisi maji,” alisema. “Ni mwenye haya, mara nyingi tunaona nyayo na mabaki tu.”

Neno fisi lilipotajwa, watoto walirudi nyuma. Yule mjukuu wa bibi akauliza kwa sauti, “Na huyu naye hupandwa usiku?”

Sisi watu wazima tulinyamaza. Mama msomaji wa Kanda ya Ziwa, unajua kwa nini. Kwetu husemwa kwamba fisi ni mnyama wa wachawi, kwamba usiku humbeba mwenye naye, na kwamba mwenye naye hutambulikana kwa macho mekundu. Kwa maneno hayo, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga, tena mara nyingi ni wajane wenye shamba na wasio na mtetezi. Na bibi aliyekuwa amesimama kati yetu, akimshika mjukuu huyo mkono, macho yake ni mekundu.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya. “Mjukuu wangu,” alisema, “mimi nimepanda punda mara moja tu, tena alinitupa.” Watu wakacheka, lakini tuliona mkono wake ukitetemeka.

Kijana mhifadhi hakuliacha swali lipite. Aliwaeleza watoto kwamba fisi maji si fisi hata kidogo. Ni mnyama wa ziwani, mwogeleaji hodari, anayekula samaki na kaa, na jina tu ndilo lililomponza. Kisha akawaeleza habari za fisi wenyewe. Katika ukoo wa fisi madoa jike ndiye mkubwa na ndiye kiongozi. Mama hunyonyesha watoto wake mwaka mzima au zaidi, na hutembea mbali sana usiku kutafuta chakula kisha hurudi pangoni kwa wanawe. Wengi hudhani fisi hula mizoga tu, lakini mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuata usiku huko Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, aliona kwamba wao wenyewe ni wawindaji hodari, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayewanyang’anya. Macho ya fisi hung’aa gizani kwa sababu ndani yake mna ngozi inayorudisha mwanga, kama ilivyo kwa paka na ng’ombe. Hapana mtu anayempanda. Akitembea usiku, ni kwa sababu ya njaa na watoto.

“Na macho ya bibi?” akauliza mtoto mwingine. Hapo mama mmoja wetu, aliye mhudumu wa afya wa kijiji, akalichukua jibu. Alisema macho mekundu hutokana na miaka mingi ya kukaa mbele ya moshi wa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. “Bibi alikuwa akipika,” alimwambia. “Alimpikia mama yako, na sasa anakupikia wewe.”

Jioni ile tulizungumza kwa muda mrefu. Tulikiri kwamba hadithi za fisi tumezisimulia wenyewe, sisi akina mama, ili watoto walale mapema au wasitoke nje usiku. Hatukuwa na nia mbaya. Lakini mtoto huyo huyo akikua, akifiwa na ng’ombe au na mwana, atakumbuka nini? Tukakubaliana kwamba mtoto anaweza kuzuiwa kutoka usiku kwa sababu za kweli: kuna nyoka, kuna mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, kuna watu wabaya. Zinatosha. Tukaamua pia kwamba bibi atengenezewe jiko lenye bomba la kutolea moshi, kwa fedha za kikundi. Tayari limejengwa.

Kama wewe nawe unapenda kwenda

Huna haja ya kuwa tajiri. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana kuliko mgeni wa nje. Uliza kwanza viwango vya kiingilio na mashua katika ofisi za hifadhi pale Capri Point, na ukiwa na wanafunzi, chukua barua ya shule. Kikundi hupunguza gharama ya safari kwa kila mmoja.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndipo pimbi wako nje. Wavisheni watoto viatu vya kufunika mguu, kwa maana mawe huteleza na nyoka wapo. Chukueni kofia na maji ya kunywa, na chakula kikae ndani ya begi lililofungwa.

Msiwaruhusu watoto kuingia ziwani hata kama maji yanapendeza. Mbali na mamba, kando za ziwa hili kuna konokono wenye kuambukiza kichocho, na mtoto huupata kwa kukanyaga maji tu. Aliyekwisha kuingia majini apelekwe kupimwa, hasa akiona damu katika mkojo au akiumwa tumbo mara kwa mara. Dawa yake ipo.

Wenye uwezo zaidi wanaweza kuendelea hadi Rubondo. Huko kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliachilia huru sokwe 17 waliotoka vizimbani huko Ulaya. Wengi walidhani hawataweza kujilisha. Lakini walijifunza msitu upya, wakazaa, na uzao wao upo mpaka leo.

Jambo la mwisho, mama mwenzetu. Mnapopanga safari yenu, msihesabu watoto tu. Tafuteni nafasi moja ya bibi, hasa yule ambaye watu wanamnong’ona. Watoto watembee naye wakimshika mkono mbele za watu wote, wakirudi kijijini wawe na habari zake za kusimulia.